Maua Chini ya Sakafu

Jumatatu, tarehe 3 Agosti

Siku kubwa. Mwanangu Deitje amekuja na jembe lake kupanga mawe ya miguu. Ni mawe ya zege, na kila nguzo ya nyumba yetu mpya itasimama juu ya jiwe lake. Nyumba yenyewe haipo. Iko Woloan, kwenye karakana ya Om Berty, inapigwa randa. Yaani huku ardhi inatengenezwa na kule nyumba inatengenezwa, siku hiyo hiyo! Nikamwambia Hein, mume wangu, kwamba enzi zetu tulingoja msingi ukauke ndipo tuanze kufikiria ukuta. Hein akasema yeye bado anafikiria. Kiti hakijamwachia tangu asubuhi.

Deitje alichimba, akamwaga kokoto, akazishindilia mpaka jasho likamwingia machoni. Akavuta uzi. Akalala kifudifudi kwenye udongo kutazama kama mawe yote yako sawa. Msichana pekee katika darasa lake la shule ya ufundi, na mama yake aliachia njiani shule ya msingi. Nikapita barabarani mara kadhaa nikiwa sina safari, ili watu waniulize yule fundi ni mtoto wa nani.

Hii ndiyo nyumba yake ya kwanza kuisimamia peke yake. Om Berty, bosi wake, atakuja siku ya rumamba, tutakapoingia, kijiji kizima kikipanda juu na kuikanyaga sakafu kwa nyimbo kuipima nguvu. Nyumba ikipita bila lawama, Deitje anapewa kikosi kinachokwenda kisiwani kusimamisha nyumba za wageni. Ikipata lawama, kikosi anachukua Stenly, mpwa wa Om Berty, ambaye hata mkanda wa suruali hajaupatia mahali pake.

Tanta Sientje, jirani yangu, alikuwa ng'ambo ya tawaang akitutazama. Tawaang ni miti yetu mifupi ya mpaka, yenye majani mekundu. Waliipanda mababu na hakuna anayeigusa. Akaniuliza ni nyumba gani hiyo inayoletwa kwa lori kama nguruwe wa sikukuu. Nikamwambia yangu inakuja kwa lori, yake inakuja kwa uzee.

Nilikuwa na haki. Nyumba yake ya matofali ilianza Deitje akiwa bado na sare za shule. Mvua ya mlimani ikabeba mchanga mpaka barabarani. Saruji ikaganda ndani ya mifuko. Mlima Lokon ukakohoa, jivu likaangukia zege bichi. Na kila karafuu zikiiva, mafundi wake wanatupa miko na kupanda mitini kuchuma. Sasa ana kuta bila paa, na ngazi isiyofika popote.

Jumanne, tarehe 4 Agosti

Nimekwenda Woloan.

Nyumba yangu nimeiona. Imesimama kando ya barabara, nzima, na madirisha, na baraza, na ngazi mbili za mbele. Chini ya bati kubwa mafundi wanaranda mbao za nyumba nyingine. Mvua ilishuka nikiwa pale, mvua ya kumsimamisha Sientje wiki nzima. Hakuna aliyeinua hata kichwa. Nikasimama katikati ya maranda, yananukia mti wa cempaka, nikasema moyoni kwamba kanisani nimewahi kusikia ukimya wa namna hii lakini si mara nyingi.

Nikapanda ndani. Ulimi wa ubao mmoja umeingia kwenye mdomo wa mwingine, na hapo katikati unywele haupiti. Nimejaribu. Nimetumia wangu na wa fundi mmoja.

Kisha Deitje akapiga mluzi na wakaanza kuibomoa! Nyumba yangu! Bati likashuka, kuta zikashuka, madirisha yakalazwa kwenye magunia. Nikalia mbele za watu. Deitje akanishika bega.

"Usilie, Mama. Naikunja tu."

Naikunja! Kama shuka! Kila kipande kimeandikwa jina lake, na aliyekitia ndiye anayekitoa, ili mikono ikumbuke. Nikawaambia mafundi wote kwamba nilimzaa huyu siku mbili na usiku wake. Wakasema wanajua, nimewaambia nilipofika.

Jumatano, tarehe 5 Agosti

Jambo baya nimeligundua. Watu wakishuka kutoka kanisani, wataiona nguzo ya baraza la Sientje kabla ya baraza langu. Lake limejitokeza mbele, kwa nusu hatua tu. Halina paa, lakini limejitokeza.

Nikampigia Deitje simu. Nikamwomba kwa upole aongeze baraza kidogo. Akasema haiwezekani. Nikamkumbusha Sientje amehamisha mlango mara mbili na jiko mara moja, mafundi wanapiga nyundo tu. Akasema ndiyo maana hajaezeka. Nyumba yetu, akasema, imeshazaliwa. Boriti zimekatwa. Mtoto akishazaliwa huwezi kumwomba mguu mrefu.

Nikakata simu nikiwaza. Mguu mrefu hauwezekani. Sawa. Lakini mtoto aliyezaliwa unaweza kumsogeza akae mbele kwenye picha.

Ibada ya leo jioni ilikuwa nyumbani kwa shemasi. Mtaa mzima ulikwenda, na Sientje. Tumbo likaniuma ghafla. Hein ilibidi abaki kuniuguza. Walipopita kona, nikamwinua kwenye kiti, tukaanza.

Mawe ni mazito kuliko dhambi. Tuliyabingirisha moja moja. Kupimia nilitumia mti wa ufagio, kila jiwe nikalisogeza ufagio mmoja, sawasawa, ili yasipishane. Hesabu hii sikufundishwa na mtu. Deitje alirithi wapi, watu wanauliza. Nilitaka twende mbele moja kwa moja, lakini mtaro wa barabara una kona, kwa hiyo tukaenda mbele na pembeni kidogo. Pembeni ni upande wa Sientje. Tawaang zikabaki katikati ya mawe. Hein akazitazama, akasema mababu wanatuona. Nikamwambia mababu walijenga kwa mbao, watatuelewa.

Tatizo moja. Pale mawe yalipotoka, duara za kokoto zilibaki wazi zikinitazama. Nikaleta vyungu vya maua, krisani za manjano na nyeupe. Kila duara chungu chake. Pakapendeza kuliko arusi.

Watu waliporudi wakanikuta kitandani na kitambaa kichwani. Sientje akaniletea uji wa tinutuan wenye maboga. Mtamu. Kesho anapanda shambani kwa kaka yake, karafuu zimeiva, mafundi wake wamemtangulia. Nikamwombea safari njema kwa moyo wote.

Ijumaa, tarehe 7 Agosti

LORI LIMEFIKA. Watoto wakalikimbilia. Wazee wakatoka na viti. Nyumba yangu ikapita mbele ya kanisa ikiwa imelala, madirisha juu ya milango, ngazi juu ya madirisha, na Deitje amekaa mbele karibu na dereva, penseli sikioni.

Akashuka, akapima kutoka jiwe hadi jiwe. Akapima pembe kwa pembe. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikajisikia kama nimefaulu mtihani.

Kisha akaona maua. Akauliza nani anapanda krisani mahali ambapo sakafu itazinyima jua. Nikasema ni za marehemu bibi yake, aliniachia nadhiri, zisiguswe mpaka nyumba ibarikiwe. Deitje alimpenda bibi yake. Akavipita vyungu kwa adabu. Mabati nikayaomba yapangwe kwa kuegeshwa juu ya tawaang, ili yasipigwe na vumbi. Wakayapanga.

Kabla ya chakula cha mchana nguzo zote zilikuwa zimesimama. Sikufunga mdomo kutwa. Inzi akaingia.

Jumatano, tarehe 12 Agosti

Nyumba ipo. Sijui niseme nini zaidi. Ijumaa ilikuwa mzigo, leo nimefungua dirisha langu nikamwona Hein chini, mdogo, na kiti chake.

Mbao zilijua njia. Fundi anasoma jina la kipande, anakiinua, kinaingia, kinalia tak. Hakuna kukata, hakuna lundo la mchanga, hakuna aliyetukana. Mvua ilipiga Jumatatu jioni na ilikuta paa liko juu. Nikakaa chini ya paa langu nikaitazama ikinyeshea kuta za Sientje na nikamhurumia, kidogo.

Na baraza limejitokeza mbele! Kwa nusu hatua.

Mabati yameondoka kwenda juu, kwa hiyo tawaang zimeonekana tena, sasa ziko chini ya chumba cha kulala. Nimezifunika kwa kapu la kuku. Rumamba ni Jumamosi. Sientje yuko mlimani na karafuu. Mungu ni mwema.

Jumamosi, tarehe 15 Agosti

Naandika nikiwa nimeloa jasho na uji.

Watu walifurika. Nguruwe, samaki wa kukaushwa kwa moshi, wali wa mianzi, pombe ya saguer ya kutosha kuogea. Nilivaa hereni zote. Om Berty akaja na Stenly. Hukum Tua, mkuu wetu wa kijiji, akaja na mke wake. Na Sientje akaja! Ameshuka shambani maalumu, kucha bado nyeusi za karafuu, kwa sababu hawezi kuacha kuona nyumba ya mwenzake ikianguka.

Mchungaji akabariki. Kisha waimbaji wakapanda, wakashikana mikono, kiongozi akaanza wimbo, na kijiji kizima kikaikanyaga sakafu kwa pamoja. DUM. Nyumba ikapumua. DUM. Vikombe vikacheza. Wanaume wanene walipanda wenyewe bila kuitwa. Nilikuwa jikoni, nasikia boriti zikibeba, hakuna ubao hata mmoja uliolia. Nikafumba macho. Nikasema hii ni kazi ya mikono iliyotoka tumboni mwangu.

Kisha chupa ya saguer ikateleza mezani. Peke yake. Taratibu, kutoka ukutani mpaka mlangoni, kama mgeni anayeaga.

Wimbo ukakatika. Upande wa Sientje ulikuwa umeshuka. Si sana, upana wa vidole. Lakini chupa ilikuwa imeshaaga mbele ya Om Berty. Stenly akacheka puani. Akasema kwa sauti ya kusikika kwamba ndivyo ilivyo ukimpa msichana pimamaji. Deitje alikuwa amesimama pale, uso umemwisha damu. Sikuwahi kumwona hivyo tangu azikwe bibi yake.

Akashuka kukagua. Na Sientje akashuka nyuma yake, akainama, akaondoa kapu la kuku.

Sauti yake ilifika mji wa Tondano. Tawaang ya babu yake iko chini ya kitanda changu! Hukum Tua akaitwa. Watu wote wakainama kutazama, mtaa mzima makalio juu. Na majani mekundu hayo, yametulia, yamenishtaki bila neno.

Mimi nilibaki jikoni na bakuli la tinutuan mkononi. Nilichungulia kwenye upenyo wa ngazi ya nyuma. Nikamwona Deitje chini amepiga magoti karibu na chungu. Akakiinua. Chini yake duara la kokoto, alizozishindilia mwenyewe. Akainua cha pili. Kokoto. Akatazama jiwe lililokaa hatua moja pembeni, kwenye udongo laini usioshindiliwa, na mvua ya Jumatatu imeshaunywa. Akatazama mti wa ufagio umeegeshwa nguzoni. Kisha akatazama juu, moja kwa moja, kwenye jicho langu.

Nilitaka kuzimia. Sikuwa na nafasi, jikoni kulijaa sufuria.

Om Berty akauliza nani aliweka mawe haya. Hein, chini kwenye kiti chake, akaanza kukohoa. Stenly akakunja mikono kifuani. Nikafungua mdomo kusema ni mimi, naapa nilifungua, lakini Deitje akaniwahi.

"Mawe ni juu yangu, Om, nilipaswa kuyapima tena kutoka mpakani. Lakini nyumba haina kosa. Mmeikanyaga nyote, nani amesikia ubao ukilia?"

Hakuna aliyesikia. Hata Sientje.

Deitje akasema nyumba ya matofali ikikosea mahali, inabaki imekosea mpaka kiama. Hii imefungwa yenyewe kwa yenyewe, haikushikamana na ardhi. Mahali pake pa haki pako hatua moja kutoka hapa, pagumu, pamengoja. Anaomba mianzi, kamba, na mabega. Akamgeukia Hukum Tua kuomba ruhusa. Hukum Tua akakunja mikono ya shati.

Hapo ndipo nilipojua kijiji changu. Tunasaidiana mashambani, tunasaidiana misibani, desturi hiyo ya mapalus hakuna asiyeijua, lakini watu walikuwa wameshiba nguruwe na bado waliweka sahani chini wote pamoja. Mianzi ikafungwa chini ya boriti. Mabega yakaingia. Wanaume wanene wale wale. Waimbaji na nguo zao nyeupe. Mchungaji. Sientje naye akaweka bega, akitangaza kwamba hanisaidii mimi, anaiondoa nyumba kwake.

Wakanisahau ndani.

Sauti ya Deitje ikahesabu. Kiongozi wa wimbo akadaka hesabu akaifanya wimbo. Na nyumba ikanyanyuka.

Nitasemaje? Sakafu ilinibeba kama mtu ananibeba. Dirishani mlima Lokon ukashuka kidogo, ukatulia. Chini yangu kijiji kizima kilikuwa kinaimba na sikuwaona, nilisikia pumzi zao kwenye mbao. Hakuna kilicholia, hakuna kilichopasuka. Nyumba ilitembea! Hatua moja, ile ile niliyoiiba, ikairudisha. Mawe yakabingirishwa juu ya kokoto, watu wakaishusha, na nguzo zikakaa kila moja tak, tak, tak, kama ilivyolia Woloan. Nikatazama bakuli. Uji ulikuwa umenirukia kidogo kifuani, basi. Nililia tena mbele za watu, ila safari hii hapakuwa na watu, nilikuwa peke yangu hewani.

Wakapanda kukanyaga upya. DUM. Chupa ikasimama wima kama askari.

Om Berty akaketi, akala nyama kwanza, mtu yule hana haraka. Kisha akasema kisiwani ardhi ni mchanga na mawe hayatulii. Fundi ambaye hajawahi kukosea hamtaki, kwa sababu atakosea kule. Anamtaka anayeweza kurekebisha kabla chakula hakijapoa. Kikosi ni cha Deitje. Stenly atakwenda pia, atabeba mianzi.

Watu walipoondoka Deitje akaja jikoni. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Akaosha vyombo vyote, akafuta mikono, akauchukua ufagio wangu, akaukata mti wake kwa msumeno, akauacha na urefu wa mkono.

"Mama, nakupenda. Usiguse mawe."

Nikaapa kwa hereni zote.

Jumanne, tarehe 18 Agosti

Deitje ameondoka na meli asubuhi na nyumba za watu zimekunjwa nyuma yake. Nilimwambia kila abiria.

Nyumba imetulia. Jana usiku ardhi ilitetemeka kidogo, kama kawaida yetu. Nyumba ikayumba, ikarudi, nikageuka upande nikalala. Kuta za Sientje zimepata ufa mpya. Leo amekuja na kahawa, akazunguka, akagonga nguzo kwa kidole, akauliza kwa sauti ya mtu asiyejali kama Deitje anaweza kumtengenezea ghorofa ya juu kwa mbao, kule Woloan, iletwe tu. Nikamwambia nitamwombea nafasi, binti yangu ana foleni. Tukanywa kahawa mpaka ikaisha. Kumbe ana mazungumzo mazuri.

Somo nimelipata na naliandika hapa ili lisinipotee. Mpaka wa mtu ni mpaka wa mtu. Sitasogea upande wa Sientje kamwe.

Lakini upande wa pili hauna jirani. Kuna migomba yetu tu. Na nimekaa barazani kutwa nikigundua kwamba tukisogea kule, na nyuma kidogo, dirisha la chumba changu litatazama kaburi la mama yangu na mlima kwa pamoja. Nyumba imeonyesha kwamba inaweza. Watu wanasema hawajawahi kufurahi kama siku ile. Ingekuwa uchoyo kuwanyima. Kokoto tunazo, safari hii tutashindilia kwanza, mimi si mtu wa kurudia kosa. Hein nimemwambia. Ameshika mikono ya kiti.

Nimenunua ufagio mpya, wa mti mrefu.

Kesho ibada ni kwa mzee wa kanisa, mbali, ng'ambo ya mto. Tumbo limeshaanza kunikata.